404 ya Baba Yako

Lubumbashi, mtaa wa Kenya, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Ngalula,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Mama yako yuko jikoni anafunga samaki wakavu kwenye karatasi kwa mara ya pili, kwa sababu alivyofunga kwanza hakuridhika. Mambo ya sanduku, ya dawa za malaria, ya namna ya kushika simu ukiwa sokoni, hayo amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi atayarudia yote, kwa hiyo mimi nayaacha. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu. Lakini unanijua: nikisemea simu napiga kelele kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma, na ninayotaka kukuambia hayafai kupigiwa kelele.

Kesho unakwenda Mbuji-Mayi kuanza kazi yako ya ukunga, na utakaa nyumbani kwa Papa mudogo Mutombo, mdogo wa marehemu baba yako. Hujawahi kulala kwake hata siku moja. Najua watu wa nyumba ile wataulizia gari la baba yako. Wengine watauliza kwa wema, wengine kwa kuchokoza. Sitaki ufike huko na habari za nusu ulizookota kwangu na nusu ulizookota kwa mama yako. Mengine uliyaona kwa macho yako, ila uliyaona ukiwa mtoto, na mimi wakati huo nilikuwa mpumbavu. Ndiyo maana nayaandika.

Nilipomwoa mama yako nilikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, na kwetu gari ni kitu cha kubebea mzigo. Likichoka linauzwa, linanunuliwa jingine, na hakuna anayelilia. Nikahamia katika nyumba hii na kulikuta uani lile gari aina ya 404 chini ya turubai, matairi yamekaa chini, rangi yake ya maziwa imegeuka kama meno ya mvuta tumbaku. Baba yako, Mwalimu Mukendi, alikuwa amefariki kabla wewe hujaanza shule. Kila ukitoka darasani ulikuwa unainua turubai, unaingia na madaftari yako, unafunga mlango. Ulikuwa unafanya hesabu humo, unakula humo, na siku za mvua ulilala humo mpaka mama yako akakutoe. Mimi uliniita Tonton, kama mjomba yeyote, na ulinisalimia vizuri sana, kama anavyosalimiwa mgeni wa kanisa.

Niliona wivu, Ngalula. Kumwonea wivu mtu aliyekufa ni aibu, kwa hiyo wivu nikaupeleka kwa gari.

Ulipokwenda Likasi na mama yako wakati wa likizo, nikaamua nitafanya jambo kubwa. Nitalifufua gari. Mtarudi mtalikuta linanguruma, na wewe utaingia ndani mimi nikiwa kwenye usukani. Nikalivuta mpaka garaji ya fundi Kabwe, kule nyuma ya soko. Kabwe alizunguka gari taratibu, akifungua na kufunga milango, kisha akaniambia:

"Papa Kambale, hizi pyesi zake zote ni za kwao kabisa. Ukitoa moja, hautapata ingine. Leka nikutengenezee pole pole."

"Pole pole mpaka lini? Spea iliyochoka itoe, weka mpya."

"Hata volani?"

Usukani ulikuwa umepasuka pasuka, na upande wa kushoto ulikuwa umezungushiwa uzi mweusi wa kushonea viatu. Mimi niliona takataka. Nikasema hata volani. Akaweka mwingine mweusi unaong'aa, wa gari la aina nyingine, baada ya kuchonga chuma cha gari kinachoushika ili ukubali kuingia. Nilimlipa, nikalileta gari nyumbani likitembea lenyewe, na vijana wa barabara yetu walipiga makofi.

Mlirudi siku iliyofuata. Nilipiga honi. Ukaacha mfuko wako chini ukaja mbio, ukafungua mlango wa mbele, ukakaa kando yangu, ukanyoosha mikono kwenye usukani, halafu ikabaki hewani. Naikumbuka hiyo mikono kuliko kitu kingine chochote cha mwaka ule.

"Tonton, iko wapi ile ya papa?"

"Ile ilikuwa imechoka. Hii ni mpya, angalia inavyong'aa."

Ukashuka. Hukulia. Ukafunga mlango bila kuubamiza, ukaenda kuokota mfuko wako. Usiku ule ulikula ukitazama sahani, ukasema asante mama, asante Tonton, ukaenda kulala. Mama yako akasubiri ulale, ndipo akasema, bila hasira hata kidogo:

"Kambale, umemutosha muntu mu nyumba yake, na haukuuliza mutoto wake."

Asubuhi, ili kumrudisha niliyemtoa, nilikwenda kwa Kabwe kuutaka ule usukani. Alikuwa amekwisha kuuuza kwa mtu mmoja wa Kasomeno, Papa Mwansa, ambaye kila akija mjini alipita kwenye magaraji akiulizia chochote cha 404. Nikarudi kuufungua ule mpya na kuchukua pikapu yangu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kizingiti. Nikakuambia ninakokwenda, na wewe ukaniambia maneno ya kwanza ambayo hayakuwa ya salamu:

"Na miye minaenda."

Katika njia ile ya vumbi jekundu, katikati ya malori ya makaa na baiskeli za samaki, ndipo nilipojua habari za uzi. Ulinisimulia ukitazama dirishani. Kwamba usukani ulipoanza kupasuka ulikuwa unamkata baba yako kiganja, naye hakutaka kuubadilisha, kwa hiyo siku moja alikaa uani akauzungushia uzi wa fundi viatu, na wewe ndiye uliyeshika kibonge cha uzi ukimlegezea kidogo kidogo. Alikuwa akikuambia, "Vuta… achia… vuta." Ulinisimulia hivyo, halafu ukauliza kama ni mbali bado.

Papa Mwansa tulimkuta mbele ya nyumba yake, ameinama chini ya 404 yake, ile ya aina yenye turubai nyuma. Gari lile lilibeba samaki kutoka Kasenga, na likirudi lilibeba wagonjwa, walimu, magunia ya unga, yeyote aliyesimama njiani. Usukani wa baba yako ulikuwa umo. Uzi wote ulikuwa umo.

Nikamweleza. Nikamwambia nitampa ule mpya na cha juu. Akajipangusa mikono, akaingia nyumbani, akarudi na duara la bomba la chuma lililounganishwa kwa moto.

"Njo hii nilikuwa naendesha nayo," akasema. "Jua ikiwaka inaniunguza mikono, mvua ikinyesha inateleza. Miaka nimetafuta ya kweli. Ile yako mupya nayiona hapo mu pikapu. Haiwezi kukaa mu hii mashini bila kuchonga kile kyuma, na kikichongwa hakuna muntu atakirudisha. Miye nabeba bantu, papa. Nisamehe."

Nikaanza kubishana. Mimi kazi yangu ni kubishana bei, na nilikuwa na uhakika kila mtu ana mahali pa kulainika. Lakini wakati ninasema, wewe ulikuwa umekwisha kupanda kwenye gari lake. Ulishika pale kwenye uzi. Ukamuuliza:

"Huu uzi, utautosha?"

"Siwezi. Unanisaidia, mikono haiteleze."

"Basi ibakie."

Ukashuka. Nilifikiri hukuelewa. Tukiwa barabarani nilikuuliza kwa nini umekubali upesi hivyo wakati mimi nilikuwa bado nazungumza, nawe ukajibu:

"Kwake iko inaendesha. Kwetu ilikuwa inakaa tu."

Nikaendesha mpaka tukaona taa za mji.

Lakini kabla hatujaondoka, Papa Mwansa alikuwa ametuonyesha chumba chake, na chumba kile ndicho kilichonibadilisha. Ulikuwa mdogo, labda umesahau. Hakikuwa na dirisha. Raba zote za milango zilikuwa zimepakwa poda ya watoto na kulazwa bila kukunjwa. Vyuma vilikuwa ndani ya grisi na karatasi. Vioo vilisimama wima kwenye mchanga. Alisema pyesi za zamani haziishi kwa sababu zimetumika, zinaisha kwa sababu zimetupwa juani na watu wasiojua zilichukua muda gani kupatikana. Akaniambia nikikuta kitu cha 404, hata nisichokihitaji, nikichukue nikitunze, kwa sababu kuna mwenzangu mahali fulani anakihitaji, na yeye anacho changu. Tangu siku ile sikununua tena kitu cha gari lile mahali ambapo ningeweza kubadilishana.

Hivyo ndivyo safari zetu zilivyoanza, mimi na wewe, kila likizo. Nilikosea mengi. Ile mita ya kasi niliyoipata kwa shida kubwa niliisafisha kwa petroli, na tarakimu zikatoka pamoja na uchafu; ulisimama pembeni ukiziona zinaondoka. Vifuniko vya magurudumu nilivisugua kwa mchanga mpaka vikapoteza mng'ao wake. Tangu hapo nikishika kitu cha zamani kwanza nakaa nacho. Nakiweka mezani siku kadhaa nikikitazama, na mama yako anacheka, anasema Kambale amepata mgeni mwingine wa kula naye. Naona faida yake hata kwa watu. Huko unakokwenda kuna mambo utayakuta yamepinda, na mkono wako utawasha kutaka kuyanyoosha siku ya kwanza. Mimi mkono wangu uliwasha, na umeshaona ulichofanya.

Sasa nakuja kwenye safari ya Kipushi, kwa sababu bila Kipushi huwezi kumwelewa Papa mudogo wako.

Ulikuwa msichana wa sekondari tayari. Kabwe alitupigia simu kwamba mzee mmoja wa Kipushi amefariki, na nyuma ya nyumba yake kuna 404 iliyokaa miaka mingi na kufuli zake zote za milango nzima, ndizo tulizokuwa tunazitafuta. Tulifika mikeka ikiwa bado imetandikwa. Wanawake walikuwa wamekaa chini, moto wa kilio unatoa moshi. Nilitoa rambirambi kama inavyotakiwa. Kisha nikamvuta kijana wa marehemu pembeni, nikaanza kumwuliza habari za kufuli.

Ukanishika shati.

"Tonton, hawa bantu bako mu kilio."

"Ninajua. Namwuliza tu, kabla mwingine hajaja."

"Papa mudogo naye alifanya vile."

Yule kijana alitutazama sisi wote wawili. Nilimwomba msamaha, tukaondoka bila kufuli. Jioni ndipo mama yako aliponieleza vizuri. Kwamba baba yako alipozikwa, watu bado wamelala uani, Papa mudogo Mutombo alikuja na mtu mwenye lori na kamba, akasema gari ni la familia, anakwenda nalo. Mama yako akasimama mbele ya gari. Wewe ulikuwa ndani. Walipokukuta ndani, yule mwenye lori aliikunja kamba yake mwenyewe, akasema hii kazi haiwezi. Mutombo aliondoka bila kuaga mtu, baadaye akahamia Mbuji-Mayi, na tangu hapo katika nyumba yetu hana jina. Ni yule aliyekuja na kamba.

Mimi nami nilimchukia bila kumfahamu. Ilikuwa rahisi. Lakini usiku wa Kipushi nilijiuliza mimi nilikuwa nani pale kwenye mikeka. Sikuwa mwizi. Sikumdharau marehemu. Niliogopa tu kwamba kitu kile kitakwenda kwa mtu asiyekijua, na hofu ikanifanya nisione watu waliokaa chini. Nikawaza kwamba labda na Mutombo alikuwa na kitu fulani anachokiogopa. Sikumwambia mama yako. Ningemwambiaje? Nikalibeba wazo hilo miaka yote hii, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu simu ilikuwepo.

Ulipopata kazi, na ikajulikana kwamba nyumba ya karibu na hospitali ni ya kwake, mama yako alifagia ua mara mbili. Mlipatana kupitia shangazi yako, bila yeye na Mutombo kusemezana. Wiki hii, wewe ukiwa mjini kutafuta viatu, mimi nilikaa kwenye kiti cha mbele cha gari nikampigia.

"Ni nani?"

"Ni Kambale. Bwana ya Kapinga, mama ya Ngalula, huku Lubumbashi."

Nikasikia redio upande wake inazimwa.

"Mutoto iko muzima?"

"Ni mzima. Anajiandaa."

"Tunamungojea. Bibi yangu ametengeneza chumba, ameweka na rido mupya ku dirisha." Akakohoa. "Na ile gari?"

"Ipo. Inatembea, ila siku nyingine inakataa."

Akacheka kidogo. "Hata na Mukendi ilikuwa inakataa." Halafu, kama mtu anayeuliza kitu kisicho na maana, akasema: "Kile kioo kya ndani, kile kidogo kya kuangalia nyuma. Bado kiko?"

Nikakitazama. Kilikuwa mbele ya uso wangu. Nikamwambia kipo.

"Njo miye nilivunja kya kwanza. Nilikuwa kijana, nakivuta nichane nywele, kikaanguka. Nilijua atanipiga. Hakunipiga. Alisema tutatafuta kingine kya kweli, na tukatembea naye Lubumbashi nzima kwa miguu, garaji kwa garaji, jua kali, mpaka tukakipata. Aliniachia miye nikifunge na bisi zake mbili. Halafu akaninunulia sukre baridi, chupa muzima." Akakohoa tena. "Ile siku ya kilio, miye nilitaka nikae tu mule ndani kidogo. Peke yangu. Nikakuta bantu banajaa, mutoto mule ndani, bote bananiangalia. Sikujua namna ya kuomba. Nikasema gari ni ya famiye."

Nikamwambia, "Mutombo, nimekusikia."

Nilimweleza mama yako jikoni. Nilijiandaa kubishana naye, nikawa nimepanga hata maneno. Aliendelea kuchambua dagaa. Mwishowe akauliza:

"Kwa nini hakusema?"

"Hakujua aseme vipi."

"Miaka yote hii?"

"Na sisi je?"

Akanawa mikono, akaipangusa kwenye kitenge chake, akatoka. Nilifikiri ameingia chumbani kulia. Nikasikia boksi la vyombo vyangu linafunguliwa uani. Alirudi na bisibisi, akaniwekea mezani, akasema, "Wewe unajua namna ya kukitosha kile kioo bila kuvunja."

Nilikitoa asubuhi ya leo. Skurubu mbili, na zote zilikubali bila kulazimishwa, mtu aliyezifunga alizifunga vizuri. Wakati kiko mkononi mwangu nilikaa kwanza kiti cha nyuma, mahali pako pa zamani, nikakiinua pale pale kilipokuwa. Kutoka pale mtu wa mbele anaonekana macho tu. Nadhani ndivyo ulivyokuwa unamwona baba yako, na ndivyo alivyokuwa anakuona, na mimi katika miaka yote ya kuweka kila kipande mahali pake sikuwahi kukaa pale nitazame.

Kipo katikati ya sanduku lako, kimefungwa flaneli, kati ya vitambaa viwili. Madoa meusi pembeni ni ya umri, usijaribu kuyatoa. Mpe Papa mudogo mkononi mwake, si mezani, na usimpe mbele ya wageni. Huna haja ya kumhutubia. Mwambie kimetoka kwa mama yako, kwa sababu ndivyo ilivyo. Na kama ulitaka kukibakiza wewe, una haki kuliko sisi wote, nipigie, tutazungumza. Lakini nilikuona Kasomeno ukiwa mdogo hivi, na nadhani najua utakavyosema.

Gari litabaki bila kioo cha ndani. Kuna cha 404 nyingine kwa mwanawe Papa Mwansa, angetupa nikimwomba, ila sitaomba. Pale juu pamebaki matundu mawili na alama nyeupe ya rangi isiyoona jua, na mimi pananitosha vile palivyo. Ukirudi na mume, au na watoto, au peke yako umechoka, gari litakuwepo uani, na raba zake zitakuwa na poda.

Nilitaka likupeleke uwanja wa ndege. Nimelihangaikia juma zima na pampu ya maji bado inavuja, na ile ya kuibadilisha haijafika. Zamani ningefunga yoyote ya kubandika ili mradi litoke mbele ya watu. Kesho tutapanda teksi. Mama yako atakaa mbele kwa sababu ya magoti, sisi wawili tutakaa nyuma na mizigo.

Hujawahi kuniita Papa, na mimi sikuwahi kukuomba. Sikuombi sasa pia. Tonton ni jina zuri, umelitumia vizuri, nimelizoea kama jina langu la ubatizo.

Uwanjani sitasema mengi. Ukiniona nawafokea vijana wa kubeba mizigo, usione haya, wala usiwaombee msamaha kwa niaba yangu. Wao hawajakosa kitu. Wewe nenda tu, ingia ndani, na mimi nitaendelea kuwafokea mpaka ndege iruke.

Tonton wako,
Kambale